Shilingi 2,000 za Inua Jamii: zikifika zinafanya nini, na zinakwama wapi

Nenda baraza lolote la chifu kati ya Ahero na Sondu utakuta hoja mbili zikivutana. Wa kwanza watakwambia serikali haina kazi ya kulisha wazee wa watu: wana watoto, wana ukoo, wana kanisa. Wa pili watauliza, na yule aliyezika watoto wake wote wanne? Katiba ya Kenya ya 2010 iliegemea upande huu wa pili katika kifungu cha 43, kinachoitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Lakini kifungu hakifiki Nyakach kwa boda. Kinachofika ni ujumbe wa simu au habari kwamba benki imepokea, na hicho ndicho tunachokipima hapa.

Inua Jamii ni mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa watu pesa. Kwa upande wa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mtu aliyefika miaka 70 na asiyepokea pensheni ya serikali. Kuna matawi mengine, kama la mayatima na la watu wenye ulemavu mkubwa, ila sheria zake ni tofauti na hatuyagusi. Hukumu yetu ni hii: muundo wake unaushinda karibu kila msaada mwingine wa serikali unaopatikana Nyanza na Magharibi, na ulipaji wake ni wa bahati nasibu.

Tuanze na muundo, kwa kuwa ndio usiosifiwa vya kutosha. Zamani mpango ulitafuta kaya maskini zenye mtu wa miaka 65 au zaidi. Ukishasema "maskini" lazima mtu aketi aamue nani ni maskini kumzidi nani, na uamuzi huo hufanyika kijijini, mbele ya mashemeji. Mwenye mdomo huingia kwenye orodha. Mjane asiye na wa kumsemea hubaki nje. Tangu 2018 kigezo kikawa umri, na umri umeandikwa kwenye kitambulisho. Hakuna cha kubembeleza. Ni kweli kwamba mzee mwenye ploti tatu Kondele naye atapata 2,000 zake, na hilo huwaudhi watu. Hata hivyo kumtafuta na kumwondoa kunahitaji kamati, fomu, ziara na rufaa, na kila hatua ya hizo ni mlango wa kitu kidogo.

Siaya waliliona jambo hilihili kwa njia nyingine. Shirika la GiveDirectly lilipogawa takriban dola 1,000 kwa kaya, katika utafiti uliohusisha vijiji 653 na kaya zaidi ya 10,500, kigezo kilikuwa paa: nyumba ya nyasi inapata, ya mabati haipati. Paa unaliona ukiwa barabarani. Ubaya wake nao ulionekana mapema, kwani mwenye mabati yaliyooza kwa kutu aliachwa ilhali jirani mwenye nyasi na ng'ombe wanne akapata. Ila matokeo yaliyochapishwa 2022 yaliwanyamazisha wengi waliosema pesa za bure zitapandisha bei sokoni. Bei zilipanda kwa takriban asilimia 0.1 tu, na kila dola iliyoingia ilizungusha karibu dola mbili na nusu katika uchumi wa pale. Fundi, mwenye kisiagi, muuza omena, wote waliguswa.

Sasa ulipaji. Hapa ndipo mambo yanapoharibikia, na kuharibika kwenyewe ni kwa namna chache zinazojulikana.

Ya kwanza ni kuchelewa. Mpango unasema kila mwezi, lakini miezi hurundikana ikalipwa pamoja. Mtu wa Kisumu mjini anaweza kusema si neno, elfu sita ni elfu sita. Ni neno. Mkupuo ukijulikana mapema, kama ule wa Siaya, mtu hununua mabati au mbuzi. Mkupuo uliotokana na kuchelewa huja ukiwa tayari umeliwa dukani: sukari ya mkopo, mahindi ya mkopo, na mwenye duka haandiki kwenye daftari bei ileile anayomwuzia mwenye pesa mkononi. Gorogoro, kile kipimo cha kopo la mahindi, ikiwa 150 taslimu, usishangae kuiona 170 kwenye daftari. Kwa gorogoro nane kwa mwezi hizo ni shilingi 160 zilizopotea kwa sababu ya tarehe peke yake.

Ya pili ni gharama ya kuzifikia. Kwa miaka mingi pesa hizi zimepitia benki na mawakala wake kwa alama ya kidole, na 2024 serikali ilitangaza kuzihamishia kwenye simu. Kwa anayelipwa benki, tuseme boda kutoka boma hadi Katito ni mia kwenda na mia kurudi. Asilimia kumi ya mwezi mmoja imeishia kwenye petroli. Kwa anayepokea kwa M-Pesa, jedwali la ada lilivyo tangu Julai 2023 lina mtego mdogo: kutoa 2,000 ni shilingi 29, lakini kutoa 4,000 kwa mara moja ni 69. Ukitoa 2,000 mara mbili unalipa 58. Ikiingia 6,000, kutoa zote pamoja ni 87, sawasawa na kutoa 2,000 mara tatu, kwa hiyo hapo chagua usalama: toa kidogo, nyingine ilale kwenye simu.

Na usiende siku ileile habari inapoenea. Wazee wote wa kata huenda siku hiyo, na wakala wa kijijini huishiwa pesa taslimu kabla ya saa nne asubuhi. Siku ya soko alasiri ni bora. Wachuuzi wanakuwa wameweka mauzo yao, droo ya wakala imejaa.

Ya tatu ni kidole. Mkono ulioshika jembe miaka hamsini hauna mistari ya kusomeka, na mashine hukataa. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kabisa, paka mafuta kidogo sana ya kujipaka kisha ufute, ujaribu kidole kingine. Ikishindikana ndipo mtunzaji anapohitajika, yaani yule mtu wa pili aliyesajiliwa pamoja na mzee. Kosa linalofanyika sana ni kumwandikisha mtoto aliye Nairobi kwa sababu ndiye "anaelewa mambo". Pesa zikija hayupo. Andikisha anayelala boma hilohilo, na akihama abadilishwe mara moja. Kuhusu mtunzaji anayekula pesa, dawa ni ya kawaida: risiti au ujumbe wa simu usomwe mbele ya mtu wa tatu, na namba ya siri isiwe ileile ambayo mjukuu huitumia kununua bando.

Ya nne ni majina na laini. Kitambulisho kinasema Achieng', akaunti inasema Achieng bila kile kikoma cha juu, laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mkwe. Hili la laini ndilo la kurekebisha kwanza: isajiliwe kwa kitambulisho cha mzee mwenyewe. Na mwaka wa kuzaliwa uangaliwe kabla ya kwenda kwa naibu chifu, maana wengi waliandikiwa mwaka wa kukisia walipochukua kitambulisho, na mashine inafuata kadi, haifuati mvi.

Kuna kasoro nyingine ambayo haimhusu mzee wala wakala. Kwenye karatasi kila aliyefika 70 anastahili, lakini usajili haufunguliwi kila siku. Wengi waliofikisha umri baada ya orodha ya kwanza kufungwa walisubiri hadi usajili mpya wa 2023. Haki inayongoja foleni ifunguliwe ni haki nusu, na hapa serikali haiwezi kumsingizia mtu.

Na chama cha kuchangishana je? Hoja ya wale wa kwanza, wanaosema wazee wana watu wao, ni nzito kwa sababu huku vyama vinafanya kazi kweli. Watu kumi wanatosha kusajili kikundi chini ya sheria ya vikundi ya 2022. Mchango wa mia kwa wiki na kibuyu cha dharura pembeni, mwanachama akilazwa pesa zinatoka jioni ileile, bila fomu. Hakuna ofisi ya serikali inayoufikia wepesi huo. Lakini chama kinamfaa mwenye mia ya wiki. Asiye nayo hutolewa kwa upole baada ya kukosa mara tatu. Harambee nayo ina ugonjwa wake: inamkimbilia maiti. Matanga ya huku hayakosi hema, viti na ng'ombe, wakati marehemu huyohuyo mwezi uliopita alikuwa anakunywa uji bila sukari.

Kwa hiyo tukiulizwa serikali ipunguzwe wapi, hatuanzii kwenye 2,000 za mzee. Tunaanzia kwenye milango ile ya fomu na kamati. Tazama basari: mtoto mmoja wa Kakamega anajaza fomu ya NG-CDF (mfuko wa eneo bunge), ya kaunti na ya NGAAF (mfuko mwingine wa serikali kuu), kila moja ikitaka nakala za vyeti, mhuri wa shule na sahihi ya chifu, kisha anapata vipande vitatu ambavyo vikijumlishwa havifiki karo ya muhula. Mifuko mitatu imemhurumia na amebaki nyumbani. Au tazama bima ya afya. SHA, iliyoanza Oktoba 2024, inamtaka asiye na mshahara alipe angalau 300 kwa mwezi, na kwa kawaida mwaka mzima kwa pamoja. Hizo ni 3,600, karibu pesa zote za mzee za miezi miwili. Mfuko mmoja unatoa, mwingine unachukua. Mwaka 2025 serikali ilianza kuwalipia wasiojiweza, ila hiyo tena ni orodha, na tumeshasema orodha huenda vipi. Hata hivyo mzee ajisajili kwa *147# hata kama hana ya kulipa, kwa kuwa zahanati na kituo cha afya humhudumia aliyesajiliwa bila kumdai mchango.

Pesa zisipofika, mpangilio wa kulalamika ni huu: piga 1533, haitozi, kisha naibu chifu, kisha ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, ukiwa na nakala ya kitambulisho na tarehe ya malipo ya mwisho. Bila tarehe utaambiwa "zimetumwa" na utarudi. Kalenda ya ukutani inatosha: kila malipo yatiwe duara kwa kalamu, kiasi kiandikwe pembeni, na ubebe kalenda yenyewe uifungue mezani kwa afisa.