Katalitiki iliyoibwa, kinga ya nondo na Fielder la Japani: uzoefu wangu Malindi

Kinga ya nondo niliyochomelewa chini ya gari hapa Malindi, ili nisiibiwe tena katalitiki, kile kifaa cha ekzosi kinachosafisha moshi wa injini, inafaa pesa yake, ila kwa sharti ambalo fundi hakunitajia. Huduma ya kukaguliwa gari kabla ya kununua inafaa zaidi, japokuwa aliyenifanyia ana upungufu ambao kwa sisi watu wa pwani si mdogo. Ama ile katalitiki mpya ya bei rahisi, inayokatwa na kuungwa kwenye gari lolote, hiyo nina maneno nayo.

Kazi yangu ni teksi ya kuitwa kwa simu: wageni wa barabara ya Casuarina na Watamu, watu wa uwanja wa ndege, na misafara ya harusi mpaka Mambrui na Gongoni. Gari langu la kwanza ni Toyota Noah. Nililipeleka gereji moja kubadilishwa bushi za mbele, likalala huko kwa sababu spea ilikuwa inangojewa kutoka Mombasa. Bushi zilifungwa vizuri, hilo sina ugomvi nalo. Lakini tangu natoka getini mlio ulikuwa mzito, na nilipofika Gede ile taa ya manjano ya injini ikawaka.

Fundi mwingine, wa Maweni, alichomeka skana ya kusoma kompyuta ya gari na kutoa msimbo wa hitilafu P0420. Msimbo huo hausemi umeibiwa. Unasema tu kwamba sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya katalitiki inasoma karibu sawasawa na ile ya mbele, yaani moshi unapita bila kufanyiwa kazi. Inaweza kuwa ekzosi inavuja, sensa imezeeka, au katalitiki yenyewe imechoka. Kwa hiyo akaingia chini, na hakukaa sana.

"Mzee, njoo uone mwenyewe," akaniambia, akanitandikia katoni.

Mkebe wa katalitiki ulikuwa mahali pake, boliti zake zote, sensa zote mbili. Ila ubavuni palikuwa na mshono wa weldi wa mraba, umepakwa rangi ya fedha, na vumbi bado halijaushika ilhali chuma chote cha jirani kimekuwa chekundu kwa kutu. Akaugonga kwa mpini wa nyundo, ukalia tupu. "Wamekula yai, wamekurudishia ganda," akasema.

Ndani ya mkebe ule hukaa masega ya kauri yenye vitundu vidogo vidogo, na masega hayo yamepakwa madini ya platini, paladi na rodi. Ni kiasi kidogo mno, lakini mwaka 2021 aunsi moja ya rodi ilipita dola 25,000, na tangu hapo kila mwenye msumeno anajua. Magari ya mseto, ya petroli na umeme, kama Prius ndiyo yaliyoandamwa zaidi Marekani na Uingereza, kwa kuwa injini yake hupumzika mara nyingi na masega hubaki na madini yake. Huko mwizi hukata usiku barabarani. Mimi niliibiwa kwa adabu, juu ya jeki, na bili ya bushi nikalipa.

Gerejini walikana. Polisi niliandikisha, nikapewa namba ya OB, yaani ya daftari la matukio, basi. Bima yangu ni ile ya mtu wa tatu, na hiyo haigusi mali yangu mwenyewe. Kuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inayomtaka mnunuzi awe na leseni, na Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliipiga marufuku biashara nzima baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, ikafunguliwa tena Mei mwaka huohuo. Lakini masega si nguzo ya umeme. Yanaingia kwenye mfuko wa unga, na ukiwa huna picha ya kabla, kesi ni neno lako na neno lao. Siku hizi gari langu haliingii gereji yoyote kabla sijapiga picha ya chini, mbele ya fundi, huku tukizungumza habari nyingine.

Sasa nirudi kwenye nilichonunua.

Fundi wa kwanza niliyemuuliza alitaka anifungie bomba tupu, halafu sensa ya nyuma ainyanyue kwa kipande cha chuma ili idanganyike na taa izime. Ni rahisi, na wengi wanafanya. Nilikataa kwa sababu abiria wangu hukaa na watoto ndani ya gari likiwa limesimama, AC inavuma, na harufu ya moshi mbichi ya gari lisilo na katalitiki inajua njia ya kuingia. Nikaelekezwa Mombasa kununua ya asili iliyotumika. Hapo mkono ukasita. Wapo wauzaji wanaoleta magari yaliyokatwa vipande kutoka Japani na wana karatasi zao. Na wapo wanaokuonyesha mkebe juu ya gazeti, bila risiti, bado una tope la Kilifi. Huyo wa pili huenda anakuuzia ya jirani yako.

Nikachukua mpya ya kuunga, Sh22,000 pamoja na kufungwa. Mlio umerudi kuwa wa kawaida na harufu hakuna. Taa ya injini, hata hivyo, huja na kuondoka, hasa nikipanda kutoka Mombasa mzigo umejaa. Fundi wa Maweni alinieleza kwamba hizi za bei rahisi huwekwa madini machache, hivyo hazihifadhi oksijeni ya kutosha kuiridhisha kompyuta ya Toyota. Kama una uwezo wa kupata ya asili yenye karatasi safi, usihangaike na hii. Kama huna, jua kwamba unanunua hewa safi, hununui utulivu wa dashibodi.

Kinga yenyewe ni kizimba cha nondo za milimita kumi, kimeshikiliwa kwenye kiunzi cha gari kwa boliti ambazo vichwa vyake vimesagwa mviringo ili spana isishike. Mchomeleaji alinipendeza kwa jambo moja: kabla hajawasha mashine alifungua bonati na kuchomoa waya hasi wa betri, ili umeme wa weldi usiunguze kompyuta ya gari. Asiyefanya hivyo msimamishe. Pia aliacha nafasi kubwa kati ya nondo na mkebe, maana katalitiki ikifanya kazi hufika nyuzi mamia kadhaa na inahitaji upepo. (Kwa sababu hiyohiyo, tukienda harusi za mashambani siegeshi juu ya nyasi kavu wala makuti, hata mwenye shamba akiniita kwa mikono miwili.) Na juu ya mkebe akachonga namba ya chesisi.

Sharti asilolitaja ni hewa ya bahari. Weldi ile haikupakwa kitu, na pepo za kusi hazikumaliza msimu kabla haijaanza kubabuka. Nimeikwangua na kuipaka rangi ya kuhimili joto kwa gharama yangu. Halafu kizimba kinashuka chini kidogo, na yale matuta ya kuingia mjini kinayasalimia moja baada ya jingine gari likijaa. Je, kinazuia wizi? Mwenye msumeno wa umeme na saa nzima hazuiliki. Kinamzuia mwenye haraka, na kinamfanya fundi wa gereji aulizwe swali akikigusa. Kwa Sh4,500 sioni cha kulalamika.

Huduma iliyonifurahisha zaidi ilikuja nilipotafuta gari la pili. Nilishaamua kutonunua kwa macho yangu peke yangu, nikampata kijana wa Mombasa anayekagua magari kwenye yadi kwa ada ya Sh5,000, anasafiri na skana yake. Nilikuwa nimependa Toyota Fielder moja jeupe, karatasi yake ya mnada wa Japani ikisema daraja 4.5, ndani kunanukia upya. Kijana hakulizunguka hata mara moja. Alikaa, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini, akanionyesha dashibodi: taa zote ziliwaka, isipokuwa ile ya injini. Taa hiyo lazima iwake ufunguo ukifunguliwa, kisha izime injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, mtu ameitoa au ameiziba. Akachomeka skana, ikaonyesha kwamba vipimo vya ndani vya kompyuta vilikuwa bado havijakamilika, maana yake kumbukumbu ya hitilafu ilifutwa karibuni. Kwenda chini hatukuhitaji tena, lakini tulikwenda, na mshono wa weldi tuliukuta. Muuzaji akasema limetoka hivyo Japani. Tukamshukuru.

Yadi nyingine ilikuwa na Fielder la kijivu, injini ya 1500 isiyo ya mseto, daraja 3.5. Watu wa kwetu wakisikia 3.5 wanakunja uso. Mimi nawaambia waitazame ile picha ya gari iliyochorwa kwenye karatasi, ndiko kwenye ukweli. Herufi A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, na namba ikiwa ndogo kasoro nayo ni ndogo. Daraja R ndilo la kuogopwa, hilo limepata ajali na kutengenezwa. Langu lilikuwa na A1 pande zote, U1 kwenye bampa na W2 mlango wa nyuma, na vyote tulivikuta palepale vilipochorwa. Karatasi inayotaja kasoro unazoziona kwa macho naiamini kuliko ya 4.5 isiyo na doa. Kilomita tulizilinganisha na cheti cha Japani cha kufuta usajili, maana kule gari hukaguliwa mwaka wa tatu kisha kila miaka miwili, na usomaji hubaki kwenye rekodi.

Kitu alichokisisitiza, na ambacho sikukitarajia kwa kijana wa Mombasa, ni chumvi ya Japani. Hokkaido na sehemu nyingine za baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, na gari la huko hufika bandari ya Kilindini tayari lina kutu kwenye mishono ya sakafu na mabomba ya breki. Ukilileta Malindi, umelihamisha kutoka chumvi moja hadi nyingine. Kwenye karatasi angalia S na C, ndizo herufi za kutu, halafu uthibitishe kwa tochi. Lile la kijivu lilikuwa kavu, nikalinunua.

Nilifikiria mseto kwa ajili ya petroli nikaacha. Pamoja na kupendwa na wezi, feni inayopoza betri yake huvuta hewa kando ya kiti cha nyuma, na abiria wangu hupanda na mchanga wa ufukweni. Toyota Probox ningelinunua bila wasiwasi kama ningebeba samaki. Wageni hawalitaki.

Upungufu wa kijana: alichelewa karibu nusu siku, na ripoti yake ilikuja kwa ujumbe wa sauti badala ya maandishi, kwa hiyo sina cha kumwonyesha muuzaji nikigombana naye. Kubwa kuliko yote, hakuwasha AC. Injini, gia, katalitiki, mabomba ya breki, vyote alivipima, na AC tuliikuta haina gesi tulipofika Mtwapa na jua la saa saba. Nimelipia kuijaza na kubadilisha mpira wa bomba lake. Nitamwita tena, maana lile jeupe lingenigharimu mara nyingi ya ada yake, ila safari ijayo AC ndiyo itawashwa kwanza na ripoti nitaitaka kwa maandishi kabla sijatuma pesa. Fielder nalo limeshapimwa kizimba, na safari hii rangi ya joto nimempelekea mchomeleaji mwenyewe.