Prosesa ipi ya simu ina kasi bila kumaliza chaji?

Simu yangu iliyopita ilikuwa na prosesa ya juu kabisa ya mwaka wake. Nikirekodi video dakika kumi, mgongo wake unachoma kiganja, mwanga wa kioo unashuka wenyewe, na nikifungua gemu inakwamakwama. Kasi niliyoilipia niliifaidi kwa dakika chache tu. Tangu hapo naanza kuuliza chipu imetengenezwa kiwanda gani na kwa nanomita ngapi (kipimo cha udogo wa vipande vyake; kwa kawaida namba ikiwa ndogo, inakula umeme kidogo). Habari ya gigahezi (kasi ya chipu) na idadi ya kori (vitengo vya kazi ndani yake) huja baadaye.

Chukua mfano wa chipu mbili za Qualcomm, Snapdragon 8 Gen 1 na 8+ Gen 1. Zote ni za nanomita 4 na muundo ni karibu uleule, ila ya kwanza ilitengenezwa na Samsung, na ya pili, mwaka 2022, ikapelekwa TSMC, watengenezaji chipu wa Taiwan. Ikatoka ikiwa na kasi zaidi, na Qualcomm wakatangaza nafuu ya umeme ya hadi asilimia 30. Kumbuka pia kwamba ili kupandisha gigahezi za mwisho lazima volteji iongezwe, na matumizi ya umeme hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji. Ndiyo maana kasi ya kileleni hula chaji kuliko zote.

Namba moja kwangu ni Snapdragon 8 Gen 2, nayo ya TSMC. Ukisoma meseji au kusikiliza muziki, kori ndogo ndizo zinazohangaika, kubwa zimelala. Gemu nzito inaibeba vizuri, na kwa kuwa si toleo jipya, simu zake zimeshuka bei. 8+ Gen 1 inaikaribia sana.

Ya pili ni Dimensity 8300 ya MediaTek, au Snapdragon 7+ Gen 2. Kwa matumizi ya kila siku hutaona pengo.

Snapdragon 8 Elite, ya nanomita 3, ina nguvu kuliko zote hizi, lakini naiweka ya tatu. Inafika gigahezi 4.32, na kwenye simu nyembamba isiyo na upoozaji wa maana, joto litairudisha chini. Inamfaa mcheza gemu hasa.

Mfuko ukiwa mdogo, chukua Helio G99, nayo ya MediaTek, ya nanomita 6, ingawa haina 5G. Usikubali kubadilishiwa kwa Helio G85 eti "zote ni kori 8". Ni kweli, zote zina kubwa 2 na ndogo 6, lakini G85 ni ya nanomita 12.

Snapdragon 888 na 8 Gen 1, zote za kiwanda cha Samsung, ziache, hata kama bei inashawishi.

Kabla ya kulipa, endesha jaribio la mkazo la Wild Life kwenye programu ya 3DMark. Linarudia mzunguko uleule mara 20; linganisha alama za mzunguko bora na za ule wa chini kabisa, huku simu ukiwa umeishika mkononi. Pengo likiwa kubwa, joto linaipunguza kasi.