Propela ya stenlesi badala ya alumini: uzoefu wangu baada ya kuitumia

Nimekaa na propela hii muda wa kutosha kuweza kuisema, zuri lake na baya lake. Boti yangu ni ya faiba, mashine moja ya nje ya nguvu ya farasi 115, na kazi zake ni mchanganyiko: kuvua, kubeba watu, na kupita kwenye maji ya kina kifupi mara nyingi kuliko ningependa. Propela iliyotoka ni ya alumini, mapanga matatu, ileile iliyokuja na mashine. Iliyoingia ni ya stenlesi, mapanga matatu vilevile, pichi 17 kama ya kwanza (pichi ni umbali wa kusonga kwa mzunguko mmoja, kwa inchi; nitaieleza mbele), ila katikati ina bushi ya kubadilishwa, yaani kipande kinachoishikiza propela kwenye mhimili wa mashine, badala ya raba iliyoshindiliwa kiwandani.

Kila niliyemwambia nimebadilisha propela aliniuliza niligonga wapi. Sikugonga popote. Ile ya alumini iliisha taratibu, na propela nyingi huisha hivyo. Mwanzo boti ilichelewa kupanda juu ya maji ikiwa na mzigo uleule wa kila siku. Baadaye usukani ukaanza kutetemeka, kidogo tu, ukadhani ni mawimbi. Mafuta nayo yakawa yanakwisha mapema. Nilipoifungua na kuitazama mchana wa jua, ncha za mapanga zilikuwa zimelika zikawa za mviringo, na ukingo wa mbele ulikuwa na meno kama msumeno uliochoka. Upande wa panga unaotazama boti, nyuma kidogo ya ukingo huo, kulikuwa na eneo la upana wa vidole viwili lenye vishimo vishimo. Rangi haipo, chuma kimekwaruzika, kidole hakitelezi.

Meno yale ni kazi ya mchanga. Ukiendesha pale ambapo propela inatibua chini, unasaga mapanga yako mwenyewe, na alumini ni laini. Vishimo ni jambo jingine, na ndivyo vilivyonifanya nianze kuelewa propela inakufaje. Panga likikata maji kwa kasi, shinikizo la maji hushuka upande ule unaotazama boti. Likishuka kupita kiasi, maji yanachemka bila moto wowote na kutoa viputo vya mvuke. Viputo hivyo vikisogea hadi mahali ambapo shinikizo limerudi juu, vinabomoka ghafla, na kila kimoja kinakipiga chuma pigo dogo kali. Pigo moja si kitu. Lakini mapigo hayo hayakomi muda wote mashine inapokimbia, na chuma hung'oka punje kwa punje.

Tatizo hili ni la zamani. Mhandisi Charles Parsons wa Uingereza aliposhusha boti yake ya mvuke, Turbinia, mwaka 1894, nguvu ilikuwepo lakini mwendo ulikataa, kwa sababu propela moja iliyozunguka kasi mno ilikuwa inajizungushia viputo tu. Alijenga tanki la majaribio ili avione viputo hivyo kwa macho, kisha akaweka shafti tatu (mihimili inayozungusha propela), kila moja na propela tatu. Boti ileile ikafika noti 34, yaani maili 34 za baharini kwa saa. Jambo la kubeba hapo ni kwamba nguvu ya mashine haina maana kama mapanga hayashiki maji.

Sasa kwa sisi wenye boti ndogo, mara nyingi viputo huanzia kwenye pengo dogo. Ukingo wa mbele ukiwa na kijino, maji hayapiti tena kwa utulivu juu ya panga; yanavurugika nyuma ya kile kijino, na pale pale ndipo vishimo huota. Vishimo navyo vinavuruga maji zaidi. Nilipolinganisha, kila kundi la vishimo kwenye propela yangu lilikuwa limekaa sawia nyuma ya jino. Ndiyo maana siku hizi naona tupa ndogo ni kifaa cha lazima kwenye boti. Unalainisha kijino kikiwa bado kichanga, basi. Usijaribu kuchonga umbo jipya, kwa sababu mapanga yote yanapaswa kufanana kwa uzito na kwa mlalo, na ukilipunguza moja umejitengenezea mtetemo ambao utazimaliza beringi.

Tofautisha hilo na kuvuta hewa. Hapo propela inameza hewa kutoka juu ya maji, mashine inapiga kelele ghafla na boti inalegea. Hutokea ukikata kona kali, ukiwa umeinua mashine kupita kiasi, au mashine ikiwa imefungwa juu mno. Bati lile bapa lililo juu ya propela liko pale kuzuia hewa isishuke. Viputo vya mvuke havilijali. Nimeona mtu amenunua propela mpya kumbe dawa ilikuwa kushusha mashine tundu moja la bolti.

Haya, tuje kwenye stenlesi yenyewe.

Tofauti ya kwanza unaisikia kwenye kona. Mapanga ya stenlesi ni membamba kuliko ya alumini kwa sababu chuma chake kina nguvu zaidi, na hayapindi yakibanwa na maji. Ile ya alumini ilikuwa inaachia nikikata kona nikiwa na mzigo, hii inashika. Naweza pia kuinua pua ya boti zaidi kabla haijaanza kuteleza. Kwa mwendo wa juu kabisa faida ipo ila si ya kutangaza. Anayekuahidi maajabu ya spidi kwa kubadilisha chuma tu, pichi ikiwa ileile, anakuuzia maneno.

La muhimu zaidi kuliko chuma ni pichi. Namba mbili zilizochongwa kwenye propela ni kipenyo na pichi kwa inchi. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Kwa kuwa si kigumu, kila propela huteleza kiasi. Kitabu cha mashine yangu kinataka mizunguko kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika ukifungua mafuta yote. Ipime ukiwa na mzigo unaobeba kweli, usipime boti tupu asubuhi tulivu. Ikiwa mizunguko haifiki, pichi ni kubwa na mashine inabeba mzigo usio wake hata kama haipigi kelele. Ikipita, pichi ni ndogo. Inchi moja ya pichi huhamisha mizunguko kama 150 hadi 200. Yangu inaishia karibu na 5,700 nikiwa nimepakia, na hapo nimeridhika.

Ubaya wa kwanza ni uzito. Stenlesi ni nzito, na ukiingiza gia unasikia "ko!" ambayo alumini haikuwa nayo. Nimejifunza kuingiza gia mizunguko ikiwa chini kabisa na kwa mkono mmoja wa haraka, kwa sababu kuingiza polepole kunasaga meno ya gia. Bado siipendi ile sauti.

Ubaya wa pili ni ule watu wanaouogopa, na wana haki: alumini ikigonga mwamba inakunjika au kukatika, yaani inajitoa mhanga. Stenlesi haikunjiki upesi, kwa hiyo pigo linatafuta pa kwenda, nalo linakwenda kwenye shafti na gia. Hapo ndipo bushi inapoingia, na ndiyo sehemu ya propela hii niliyoipenda kuliko zote. Bushi iko katikati ya propela na shafti, na imetengenezwa iachie kabla ya gia kuvunjika.

Yangu iliachia siku tuliyokutana na gogo lililozama. Pigo moja, mashine ikalia juu, boti ikapunguza mwendo hadi karibu kusimama. Tulisogea polepole hadi kwenye fungu la mchanga, nikazima mashine, nikachomoa funguo na kamba ya usalama, nikainua. Panga lilikuwa na alama ndogo tu. Bushi ya plastiki ndiyo iliyokatika. Nikachomoa pini, nikafungua nati, nikasukuma bushi ya akiba ndani kwa mkono, nikarudisha washa (pete bapa za chuma) kwa mpangilio uleule, tukaondoka. Ya raba iliyoshindiliwa ingehitaji mashine ya kukandamizia ya fundi. Nilipofika nilizungusha propela kwa mkono, gia ikiwa huru, nikiwa nimeegesha kijiti karibu na ncha za mapanga: kama shafti imepinda, nafasi kati ya kijiti na ncha inabadilika ikizunguka. Ilikuwa nzima.

Wenye raba ya kawaida, jihadharini na raba inayoteleza kimyakimya. Dalili yake ni hii: polepole boti inakwenda vizuri, ukifungua mafuta ipande juu ya maji, mizunguko inapaa na boti haiendi. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye kitovu cha propela hadi kwenye bomba la ndani linaloshika shafti. Nenda safari, rudi, tazama. Mistari ikiwa haikutani tena, raba imeachia.

Kuna adui mmoja ambaye chuma cha aina yoyote hakimzuii: mshipi wa kuvulia. Unajizungusha nyuma ya propela, kati yake na washa kubwa, pale usipopaona. Shafti inazunguka, mshipi unapata moto, unakata mdomo wa sili, ile pete inayozuia mafuta ya gia yasitoke na maji yasiingie. Maji yanaingia kwenye gia na hakuna kinachotetemeka, hakuna kinacholia. Unakuja kugundua ukifungua skrubu ya chini ya gia na kuona mafuta meupe yenye rangi ya maziwa. Wanaosema gia imevunjika "ghafla" wengi wao walikuwa na maji ndani muda mrefu. Mimi navua propela mara kwa mara hata kama sina shida nayo, nachungulia nyuma, natoa uzi, mwani na mchanga, nafuta meno ya shafti na kupaka grisi mpya ya baharini. Grisi yenye grafiti usiiweke hapo. Inachochea kutu kati ya metali mbili tofauti. Grisi yenyewe ndiyo inayofanya propela itoke bila nyundo baadaye.

Na hilo la metali mbili lina uzito kwenye stenlesi. Ukiweka stenlesi na alumini ndani ya maji ya chumvi na zikagusana, umeunda betri, na anayeliwa ni alumini, yaani nyumba ya gia ya mashine yako. Kinachoiokoa ni kile kipande cha zinki kilichofungwa karibu na propela, kinacholiwa badala yake. Baada ya kuweka stenlesi, zinki yangu imekuwa ikiisha haraka kuliko zamani. Naibadilisha ikibaki nusu, siipaki rangi kamwe, maana ikipakwa rangi haifanyi kazi, na nasugua mahali inapokaa hadi chuma king'ae. Kwa maji ya chumvi zinki au alumini ya kutolea sadaka ni sawa. Kwa maji yasiyo na chumvi tafuta ya magnesiamu, kwa sababu zinki kule hupooza. Rangi ikianza kuvimba malengelenge kwenye nyumba ya gia, usingoje.

Wenye mashine ya ndani na propela za bronzi wana kasoro yao: bronzi nyingi za propela zina zinki nyingi ndani, na chumvi huinyonya zinki hiyo na kuacha shaba legelege. Panga linageuka rangi ya waridi. Ligonge kwa nyundo ndogo. Lililo zima hulia, lililooza linatoa sauti bubu.

Ile ya alumini ya zamani sikuitupa. Fundi wa propela aliijaza kwa kulehemu, akaipima panga kwa panga, akaisawazisha. Inafanya kazi, ingawa alumini iliyolehemiwa hairudii nguvu yake yote, kwa hiyo imebaki ya akiba botini pamoja na nati, washa, pini na spana yake. Angekuta ufa kwenye shina la panga, pale linapoungana na kitovu, nisingemruhusu aiguse. Ufa wa shina haulehemiwi, propela hiyo ni ya chuma chakavu.

Nani anunue stenlesi? Anayepita maji yenye kina, mwenye mzigo, anayekimbia masafa marefu. Kama siku zako nyingi ni kwenye miamba na maji ya magotini, kaa na alumini mbili, moja kwenye shafti na moja ndani ya boti, na usione unyonge.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ile sauti ya gia na kwa karatasi ya maelekezo ambayo haikutaja nati ikazwe kwa kipimo gani; ilibidi nifuate kitabu cha mashine. Na hata ukikaza kwa kipimo, ikague tena baada ya safari ya kwanza, bushi ikishakaa mahali pake. Yangu ilikubali robo mzunguko zaidi.