Inkscape kwa mwanafunzi anayeandaa jalada la kazi za usanifu wa grafiki

Mwanafunzi wa sekondari anayetaka kusomea usanifu wa grafiki mara nyingi hudaiwa kitu ambacho mwenzake anayeomba sheria au uhasibu hadaiwi, nacho ni jalada la kazi alizozibuni mwenyewe. Chuo cha Rhode Island School of Design cha Marekani, kwa mfano, huomba kazi 12 hadi 20, na kwa miaka mingi kilimtaka kila mwombaji achore baiskeli. Penseli na karatasi hupatikana kwa urahisi. Kinachowasumbua wanafunzi na walimu wao ni programu ya kompyuta. Kwa anayetumia kompyuta ya shule na kununua intaneti kwa kifurushi, ninapendekeza Inkscape, ingawa si bila masharti.

Inkscape ni programu huria ya kuchora kwa vekta, yaani kwa mistari na maumbo yanayoweza kukuzwa bila kupoteza ubora, iliyoanza mwaka 2003, na haitozi chochote, tofauti na Adobe Illustrator iliyozoeleka katika ofisi za matangazo, ambayo hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Ikishapakuliwa haihitaji intaneti, na faili lile lile la kuisakinisha linaweza kupitishwa kwa flashi katika kompyuta zote za maabara bila mtu yeyote kuvunja sheria. Mwalimu aliyewahi kuona darasa zima likisimama kwa sababu programu ya wizi imegoma kufunguka ataithamini faida hii kuliko urembo wowote wa skrini.

Uwezo wake huonekana vizuri zaidi katika zoezi la kubuni kanga, ambalo kwa maoni yangu lingefaa kuwemo katika jalada la kila mwombaji wa pwani yetu. Kanga ina pindo, mji na jina, kwa hiyo inamlazimisha mwanafunzi kutatua kwa pamoja masuala matatu ya usanifu: mpaka unaojirudia, umbo kuu linalobeba macho, na maandishi yanayopaswa kusomeka kutoka mbali. Mwanafunzi huchora korosho moja kwa zana ya kalamu, kisha huamuru programu itengeneze safu ya nakala pacha kuzunguka pindo. Akirekebisha korosho ya asili, nakala zote hubadilika papo hapo. Anaweza kujaribu rangi mbili, kisha tatu, akalinganisha. Jina, tuseme WEMA HAUOZI, huanza kama maandishi ya kawaida, kisha hugeuzwa kuwa maumbo ambayo herufi zake zaweza kunenepeshwa na kusogezwa moja moja. Hatua zote hizo zikihifadhiwa, msaili ataona jinsi mwanafunzi anavyofikiri, na hilo ndilo analolitafuta. Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, pamoja na wepesi wake, humkaribisha mtumiaji kwa violezo vilivyokwisha kupangwa na watu wengine, na kazi iliyotokana na kiolezo haimwambii msaili mengi kuhusu mwombaji.

Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2022, faili moja linaweza kuwa na kurasa nyingi, hivyo jalada zima hupangwa humo humo na kutolewa kama PDF. Wakati wa kuingiza picha, programu huuliza kama ipachikwe ndani ya faili au iunganishwe tu. Mwanafunzi achague kuipachika, la sivyo atafungua faili lake kwenye kompyuta nyingine akute picha hazipo.

Kasoro zipo. Programu hii hushughulikia rangi kwa mfumo wa skrini, na haina njia nyepesi ya kutoa faili lenye rangi nne za uchapishaji. Kwa jalada linalotumwa kwa PDF hilo halina madhara, lakini anayekusudia kuchapisha bango ajiandae kuona buluu na kijani kali vikififia karatasini. Kompyuta dhaifu hulemewa upesi michoro inapojaa vivuli na ukungu. Haina toleo la simu, na matumizi ya nukta na mikono ya kupindia mistari yanahitaji wiki kadhaa za mazoezi, kwa hiyo anayeianza mwezi wa kutuma maombi amechelewa.

Tahadhari yangu kubwa inahusu zana ya kugeuza picha kuwa vekta. Ikitumiwa kwa mchoro wa wino uliopigwa picha kwenye mwanga mzuri, huokoa muda na kuhifadhi uhai wa mkono. Ikitumiwa kwa picha ya mwanamuziki maarufu iliyochukuliwa mtandaoni, huzaa mamia ya nukta zisizo na mpango na sura inayofanana na kazi za waombaji wengine wengi. Katika madarasa ninayosimamia, zana hiyo hairuhusiwi mpaka mchoro wa penseli umeonekana, na mchoro huo huingia katika jalada kando ya kazi iliyokamilika, pamoja na alama zake za kufutwafutwa.

Inkscape hupatikana katika tovuti yake rasmi, inkscape.org, kwa Windows, macOS na Linux.