GNU Stow: kwa kutoa programu ulizokompaili mwenyewe, mimi nimeikubali

Nina mwaka sasa naitumia GNU Stow, programu ya kupanga na kutoa programu nyingine, kwenye laptopu yangu ya Ubuntu (Linux) na lazima niisifie. Kitu ulichoinstoli kwa apt, kile kisakinishi cha Ubuntu, ukikichoka unapiga sudo apt remove basi, ila ukikikompaili mwenyewe, yaani kukijenga kutoka sosi kodi (maandishi ya programu yenyewe), ukapiga make install apt haina habari nacho kabisa, faili zinatawanyika ndani ya /usr/local, nyingine bin nyingine lib nyingine share/man, na make uninstall inaitaka ile folda ya sosi kodi ambayo ulishaifuta zamani upate nafasi. Mi nilikuwa nafuta moja moja kwa rm, siku moja nikafuta faili ya lib ambayo programu nyingine ilikuwa inaitegemea, kazi ya mteja ikalala siku mbili. Iliniuma sana.

Stow inaipa kila programu chumba chake. Tuseme ni htop, programu ya kuonyesha kinachoendelea kwenye kompyuta: kwenye configure, amri ya maandalizi kabla ya kukompaili, unaandika --prefix=/usr/local/stow/htop, unapiga sudo make install, halafu cd /usr/local/stow na sudo stow htop, hapo inatandaza linki (njia za mkato) tu huko bin na kwingineko, faili zenyewe hazitoki chumbani. Siku ya kuitoa ni sudo stow -D htop, linki zote zinaondoka, unamalizia kwa kufuta folda moja tu.

Juzi nimeitoa hivyo hivyo, nikaandika htop, bash (ile inayopokea amri kwenye terminal) ikaniambia /usr/local/bin/htop: No such file or directory wakati ile ya apt ipo /usr/bin, moyo ukaruka, kumbe bash ilikuwa bado imeshikilia njia ya zamani. Nikapiga hash -r ikafunguka hapo hapo.

Kinachonikera ni ile faili ya share/info/dir (orodha ya miongozo), programu mbili zikija nayo Stow inagoma mpaka uifute kwenye chumba kimojawapo. Ila bora igome kuliko kufunika faili ya mwenzake kimyakimya. Kama una wasiwasi anza na stow -n -v, inakuonyesha itakachofanya bila kugusa kitu.

Zile ulizoinstoli kabla ya Stow, yenyewe haizigusi. Hizo shusha sosi kodi ya toleo lile lile, configure kama mwanzo, kisha make install DESTDIR=/tmp/ona, faili zinawekwa kwenye folda hiyo badala ya /usr/local, hapo unaona kila faili ilikokwenda ndo ukafute huko /usr/local, na kwenye lib nenda taratibu jamani.