Kolardi za Georgia bila nguruwe: mwaka mmoja wa kuuliza, kuonja na kupika

Kila nikiingia mkahawa wa vyakula vya Kusini hapa Atlanta swali langu ni moja: "Humu mmetia nyama gani?" Kolardi, mboga ya majani ya Kusini mwa Marekani, hazipikwi peke yake. Lazima sufuriani kuwe na kitu kilichokaa kwenye moshi, na kwa desturi kitu hicho ni kifundo cha mguu wa nguruwe, ngozi na mafuta na mfupa pamoja. Mimi nguruwe sili. Kwa hiyo mwaka mzima nimezila pale tu nilipopata jibu la kueleweka, nimezikosa mara nyingi kuliko nilizozila, na mwisho nikaamua kujifunza kuzipika mwenyewe. Nayaandika haya kwa mlioko huku, hasa sisi wa halali.

Mboga yenyewe si ngeni kwetu. Ni ndugu wa sukuma wiki, wote ukoo mmoja na kabichi. Jani ni pana na zito, kijani cha kuelekea samawati, na lina utando kama nta hata maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la myugwa. Udugu huo ndio ulionitia aibu. Fungu la kwanza nililonunua nilikata nyembamba, nikakaanga na kitunguu na nyanya, dakika tano nikapakua. Bibi wa mlango wa pili, mzaliwa wa Georgia aliyekwisha kupita miaka sabini, alikuwa ameleta barua yangu iliyotupwa kwake kwa makosa. Akatazama sahani, akachukua uma bila kukaribishwa, akatafuna, akatafuna tena. "Mwanangu," akasema, "hizi hujazipika. Umezitisha tu."

Tuanze na mikahawa. Mmoja, ambao sitautaja, kijana wa kaunta aliniapia kwamba hakuna nguruwe. Kijiko cha tatu nikakuta kipande cha ngozi. Niliporudi kumuuliza akanijibu kwamba hiyo si nyama, ni ya ladha tu! Tangu siku hiyo simuulizi wa kaunta, naomba aulizwe mpishi. Na ukifanya hivyo utapata habari njema, kwa sababu siku hizi wapishi wengi wa mjini wanatumia bata mzinga wa moshi, shingo au bawa, na wanajivunia kusema. Mahali pawili nilipopewa za bata mzinga zilikuwa nzuri kweli: jani laini lakini bado jani, halijawa uji, chumvi ya kiasi, na uchachu wa siki ukija mwishoni baada ya kumeza. Kasoro yao ilikuwa sukari. Kuna wapishi hapa wanaotia sukari kwenye mboga kama wanapika kaimati.

Za kopo nilijaribu mara moja. Rangi ya kaki, harufu ya bati, na jani limelowa hata halina la kutafuna. Paka wa jirani alinusa akaenda zake. Sina zaidi la kusema.

Za mfuko, zile zilizooshwa na kukatwa tayari, nilizinunua mara tatu kwa uvivu. Ni kweli zinaokoa nusu saa ya kuosha kwenye karo. Lakini mashine haitoi uti wa jani. Inakatakata vyote, na unajikuta sufuriani una majani yaliyoiva na vijiti vilivyobaki vigumu. Mara ya tatu nilikaa mezani nikichambua kijiti kimoja kimoja, na muda nilioutumia ulipita ule wa kuosha.

Kwa hiyo nunua fungu. Sehemu mbili nazipenda. Ya kwanza ni Your DeKalb Farmers Market kule Decatur, ghala kubwa lenye bendera za nchi zimening'inia juu, ambako wafanyakazi huvaa vibao vinavyoonyesha lugha wanazozungumza. Mboga zao zinatoka haraka, kwa hiyo hazikai zikanyauka. Ya pili ni Sweet Auburn Curb Market katikati ya mji, jengo la mwaka 1924. Neno Curb katika jina lake ni ukingo wa barabara, na lina kisa: zama za ubaguzi wafanyabiashara Weusi hawakuruhusiwa kuuza ndani, waliuzia nje ukingoni. Leo uko ndani, unapimiwa kolardi, na jina limebaki kama shahidi.

Lakini fungu bora kuliko yote nililipata kwa mzee mmoja anayeegesha pikapu kando ya barabara Jumamosi asubuhi, dola 4, shina zima na mizizi ikiwa na udongo. Ilikuwa Januari, usiku wa kuamkia siku hiyo jalidi ilikuwa imeanguka. Akaniambia, "Zimepigwa na baridi, hizi ndizo." Si maneno ya muuzaji tu. Baridi ikikaribia kugandisha, mmea huu huongeza sukari kwenye majani ili usigande, na ladha ya uchungu inapungua. Za Julai na za Januari ni kama mboga mbili tofauti. Chagua jani lisilo na manjano, likunje: likikatika kwa mlio ni bichi, likilegea kama kitambaa liache. Geuza na upande wa chini, vidukari hujificha huko.

Sasa jikoni, na hapa yote nimefundishwa na yule bibi. Kuosha ni mara tatu. Jaza karo maji, tumbukiza majani, tikisa, yatoe majani kwanza ndipo umwage maji. Ukimwaga maji majani yakiwa ndani, mchanga unayarudia. Maji ya kwanza tia chumvi ili wadudu waachie. Niliuliza kama mara mbili haitoshi. Akaniambia kuna watu Georgia ambao hawaalikwi tena kupika kwenye shughuli za kanisa kwa sababu ya chembe moja ya mchanga.

Kabla ya kugusa majani, nyama ianze. Natumia bawa la bata mzinga la moshi kutoka bucha la halali, pamoja na kitunguu, vitunguu saumu vitatu na pilipili kavu, maji ya kufunika, lichemke kwa moto mdogo saa nzima mpaka maji yenyewe yawe na ladha. Hii ndiyo siri, kama ipo: unatengeneza supu kwanza, majani yanakuja kuoga ndani yake. Ng'oa uti kwa kulivuta jani, panga majani, yakunje kama mkeka, kata upana wa vidole viwili. Tia konzi kwa konzi. Mafungu matatu yatajaa sufuria hadi mfuniko ukatae, na baada ya dakika kumi yatakuwa robo. Kisha saa moja, au na robo yake kama ni makubwa. Onja. Siki kijiko kimoja mwishoni, kwa sababu ukiitia mapema jani linachelewa kulainika. Chumvi pia mwishoni, maana nyama ya moshi inayo yake.

Nyumba itanuka kabichi, hilo lijue. Bibi hutumbukiza kokwa ya pekani nzima na ganda lake ili kukata harufu. Sikuona tofauti, ila sikumwambia. Niliwahi pia kupendekeza tui la nazi. Alinitazama kimya, kisha akauliza kama nimelala vizuri.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba majani si mwisho wa chakula. Wenyewe wanahukumu sufuria kwa supu inayobaki, wanayoiita potilika, na inaliwa na mkate wa unga wa mahindi. Mwaka 1931 gazeti la Atlanta Constitution lilibishana na Huey Long wa Louisiana, mwanasiasa mkubwa wa wakati ule, kuhusu supu hii: yeye alitaka mkate uchovywe, gazeti likashikilia uvurugwe ndani ya bakuli. Mimi navuruga. Si wote wa halali wa nchi hii wanaoipokea, lakini. Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam, jumuiya ya Waislamu Weusi wa Marekani, aliwakataza wafuasi wake kolardi, akiziona chakula cha utumwa. Namwelewa alikotoka, na bado nimezipika.

Tarehe 1 Januari ndiyo mtihani, kwa sababu hapa wanaamini ukizila siku hiyo unavuta pesa: kolardi ni noti za mwaka mzima na kunde ni sarafu, na kila nyumba inapika. Nilimpelekea bibi bakuli, bata mzinga badala ya nguruwe, nikiwa na wasiwasi kama mwanafunzi. Akaacha majani, akanyanyua bakuli, akanywa supu kwanza. Akasema haina nguruwe, lakini hajutii. Kisha akauliza kama imebaki nyingine sufuriani.