Jiko la maabara au koili ya Sabasaba?

Bei ya jiko la maabara lenye kikorogeo cha sumaku inakata maini. Ndiyo maana sisi hapa Dodoma tuliunga la kwetu: jiko la koili kutoka soko la Sabasaba, na feni ya kompyuta iliyobandikwa sumaku mbili, zinazozungusha kijiti cha sumaku kilichomo ndani ya chombo.

Kwa kukoroga tu, feni ile haina mpinzani. Chumvi inayeyuka, maji yanafanya kishimo katikati, basi. Kuchemsha maji nako koili inatosha. Huku juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi.

Balaa ni kuviweka pamoja. Sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80, na plastiki ya feni inalegea. Siku moja kijiti cha kukorogea kiliacha kuzunguka, kikabaki kinagonga bika (chombo cha kioo cha maabara), ko-ko-ko, huku koili inazidi kuwa nyekundu. La kiwandani limekinga mota dhidi ya joto, na kwa yale yenye kihisio cha joto cha kuzamisha kwenye kimiminika, hicho ndicho kinachoamua umeme uingie kiasi gani. Ukitaka nyuzi 60 kwa koili, mara umepata 50, mara 75. Hela inaishia hapo, na kwenye sahani ya kauri isiyoliwa na asidi. Tena wanunuzi ni wachache, gharama za kiwanda zinawaelemea hao hao.

Ukipasha ethanoli, yaani spiriti inayoshika moto upesi, sibishani na mtu: koili wazi hapana. Hata la kiwandani, si kila moja linafaa.